Mgeni wa Adhuhuri katika Kasri la Unyenyekevu

Mambo haya yalitokea katika nchi ambayo si hii. Nalisema hilo mapema ili msomaji aketi kwa raha. Nchi hiyo ilikuwa na bendera, jeshi, na jangwa lililovizidi vyote viwili kwa ukubwa. Mimi nilikuwa karani wake katika Idara ya Sifa. Kazi yangu ilikuwa kuandika mema ya Serikali. Mabaya nayo yaliwahi kuwa na idara yake, ila ilifungwa kwa kukosa kazi.

Mwaka huo Mtukufu Kiongozi alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo akiwa na neno jipya mdomoni. Neno lenyewe lilikuwa "endelevu". Alilitamka akiwa bado kwenye ngazi za ndege, na kabla hajafika ikulu nchi nzima ilikuwa inalitamka. Tukawa na kilimo endelevu, usafi endelevu, foleni endelevu. Bunge likasimama, likapiga makofi, likapitisha uongozi endelevu. Maana yake ni kwamba uchaguzi uliokuwa unakaribia ulionekana kuwa ubadhirifu wa karatasi, na karatasi ni miti.

Waziri wa Jangwa na Mambo Makavu, Mheshimiwa Daktari Nasibu Mikogo, hakutaka kuachwa nyuma. Alitangaza kwamba hoteli ya kifahari itajengwa katikati ya jangwa, kwenye Kisima cha Deka, na haitamdhuru hata mchwa. Hakutakuwa na saruji, bati wala msumari. Itajengwa kwa ufundi wa mababu, na itaitwa Kasri la Unyenyekevu. Watakaokuja kunyenyekea humo watatoka nchi tajiri tu, maana sisi wenyewe tulikuwa tumeshanyenyekea vya kutosha.

Kulikuwa na tatizo dogo. Pale kisimani waliishi watu.

Watu hao, Wadeka, walikuwa wafugaji wa ngamia, na kwao nyumba ni mali ya mwanamke. Mama humjengea binti yake siku ya harusi. Hupinda mizizi ya mgunga juu ya moto hadi iwe matao, huyafunga matao kwa kamba, kisha huyavisha mikeka na ngozi. Wakati wa kuhama nyumba hufunguliwa ikapanda juu ya ngamia. Siku mwenye nyumba akifa, wanawe huifungua kwa mara ya mwisho. Wa kiume hulegeza kamba ya kwanza, wa kike huvuta tao la kwanza, na matao hulazwa juu ya kaburi. Wasipofanya hivyo, marehemu hajui kwamba amekufa. Huendelea kukaa kwake na kupokea wageni.

Wataalamu wa Wizara walikuja, wakapima, wakagundua kwamba Wadeka si endelevu. Walikuwa wanakunywa maji.

Amri ya kuwahamisha ilitiwa saini mjini na Mkurugenzi wa Urithi, Bwana Elema Mashuhuri. Hilo la Mashuhuri alijipa mwenyewe alipopata ofisi yenye zulia. Kisimani, alikozaliwa, aliitwa Elema mwana wa Dureti. Waziri alimwuliza kama hataona uchungu, kwa kuwa wale ni watu wake.

"Mheshimiwa," Elema alijibu, "watu wangu mimi ni Serikali."

Jibu hilo nililiweka kwenye taarifa, likapendwa sana.

Basi Wadeka wakapandishwa malori, wakapelekwa kaskazini, mahali palipoitwa Makazi Mapya ya Tabasamu. Nyumba zao waliambiwa waziache, kwa kuwa zilikuwa sasa ni urithi wa taifa, na urithi haupandi lori. Huko Tabasamu waliwekewa bomba la maji, jipya, linang'aa, limefungwa utepe mwekundu. Halikuwa limezinduliwa. Sheria ya nchi ilikuwa wazi: utepe hukatwa na Mtukufu mwenyewe, kwa mkasi wa Mtukufu. Naye Mtukufu alikuwa na shughuli. Akawekwa askari wa kulinda utepe.

Mama Dureti, mama yake Mkurugenzi, hakuwa na nguvu za kwenda kuchimba mchanga na wengine kutafuta tope la kuchuja. Alikufa ameketi, mgongo wake umeegemea bomba. Binti yake Kabale ndiye aliyemfumba macho. Taarifa yangu ya juma lile ilisema kwamba wakazi wamelipokea bomba kwa hisia nzito.

*

Kasri lilifunguliwa, na kusema kweli lilipendeza. Nyumba za Wadeka zilikuwa zimenyanyuliwa nzimanzima, bila kufunguliwa fundo, na kupangwa upya kuzunguka kisima, kila moja ikiwa na bafu lake la kuzama hadi shingoni. Upepo ulipita kati ya mikeka ukapoza vyumba bila mtambo wowote. Vile vibuyu vya kusukwa ambavyo wanawake wa Kideka huhifadhia maziwa, ambavyo msichana hupewa na mama yake na hawezi kumwazima hata shoga yake, viliwekwa milangoni vitumike kwa miavuli. Mvua pale haikunyesha, lakini wageni walipenda kuona miavuli.

Nyumba kubwa kuliko zote, iliyofungwa kamba kwa ustadi hata mafundo yake yalionekana kama mapambo, ilipewa jina la Chumba cha Malkia. Ilikuwa nyumba ya Mama Dureti.

Kabale alirudi kisimani kwa mlango pekee uliokuwa wazi: aliajiriwa. Cheo chake kilikuwa Kielelezo Hai. Aliketi chini ya kivuli mbele ya Chumba cha Malkia akisuka mkeka, na wageni walipopita alitakiwa kutabasamu bila kueleza chochote, kwa sababu maelezo yalikuwa kazi ya Idara yangu. Jioni wafanyakazi waliufumua ule mkeka ili asubuhi auanze tena. Hilo liliokoa ukindu.

Siku Elema alipohamia pale kusimamia Kasri, Kabale alimsubiri hadi alipokuwa peke yake. Mimi nilikuwa karibu nikiandika sifa za mchanga.

"Elema."

"Hapa niite Bwana Mkurugenzi, dada. Watu wanasikia."

"Nyumba ya mama bado imesimama."

"Najua. Imekuwa kivutio kikubwa."

"Mama yuko ndani."

Elema alirekebisha tai yake. "Dada, mama alifariki. Nilituma rambirambi."

"Zilifika. Sasa njoo ulegeze kamba. Peke yangu siwezi, na wewe unajua siwezi."

"Ile si nyumba ya mama tena, ni mali ya umma. Nikiigusa nitakuwa mhujumu wa urithi." Alishusha sauti. "Na hayo mengine ni mambo ya wazee tu. Nimesoma mimi."

"Umesoma," Kabale alisema, akarudi kwenye mkeka wake.

*

Mgeni wa kwanza wa Chumba cha Malkia alikuwa mjane tajiri kutoka nchi za baridi. Mchana jua lilipokaa utosini, wakati hata nzi huacha kuruka, alikuwa amejipumzisha kitandani. Alitoka mbio bila viatu, akaingia jikoni, akashika mtungi wa maji na kuunywa wote. Akaomba mwingine. Machozi yalikuwa yanamtoka huku anameza.

"Kuna bibi mle ndani," alisema alipopata pumzi. "Ameingia, ameketi, ameegemea nguzo. Ananiuliza kitu. Si mkali, ni mpole sana. Ananiuliza tu, ananiuliza."

Akaiga sauti alizozisikia, kama kasuku. Mpishi alikuwa Mdeka. Sufuria lilimponyoka.

Wadeka hawasemi hujambo. Jangwani hawana muda wa kuuliza mambo, huuliza jambo moja tu. Anayekupokea hukuambia, "Umekunywa?" Nawe hujibu, "Nimekunywa, nawe unywe." Hapo salamu imekamilika, mwaweza kuketi. Mgeni asipojibu, mwenyeji huuliza tena, maana kumwacha mtu na kiu mlangoni pako ni aibu isiyofutika.

Mjane yule alikunywa hadi jioni na kiu haikumtoka mpaka alipohama chumba. Aliyemfuata, mfanyabiashara wa vito, alikutwa amepiga magoti bafuni anakunywa maji aliyoogea. Kisha wakaja maharusi, na bibi harusi alisimulia kwamba yule mwanamke mzee aliwatandikia mkeka sakafuni, akawatazama midomo yao kwa huruma, kama mtu anayetazama watoto wagonjwa.

Nilidhani Kasri litafungwa. Nilikuwa simjui vizuri Mheshimiwa Mikogo. Aliwaita waandishi wa habari, akasimama mbele ya kisima na kunguruma:

"Wananchi! Mataifa makubwa yana kila kitu, lakini hayana kiu. Wameipoteza! Serikali yenu sikivu imeihifadhi. Kuanzia leo, Kiu Halisi ni huduma rasmi ya Kasri hili, nayo inatolewa na mtaalamu wa jadi asiyetumia umeme!"

Wageni walimiminika. Kila adhuhuri mmoja wao alitoka Chumba cha Malkia analia na kupapasa hewa akitafuta mtungi, na wenzake wakampigia makofi. Wadeka waliofanya kazi pale waliamriwa wasitafsiri. Na kila adhuhuri Kabale, aliyeketi hatua chache tu kutoka mlangoni, alisikia mama yake akisalimia watu wasiomjibu.

Elema hakukaribia upande ule. Alipokuwa na safari ya jikoni alizunguka Kasri lote. Nilimwona akikonda. Aliniambia siku moja, bila mimi kumwuliza, kwamba Tabasamu kwenyewe hakukuwa na maji hata kidogo. Wahandisi walikuwa wamemdokezea kwamba lile bomba ni la maonyesho tu, halijaunganishwa na chochote, kwa hiyo utepe au si utepe, ingekuwa vilevile.

"Ingekuwa vilevile, karani," alirudia. "Sivyo?"

Nilimwambia kwamba mimi ni wa sifa tu.

*

Ndipo Mtukufu alipokuja kujipumzisha.

Alikula ngamia wa kuokwa, akasifu unyenyekevu wa mito ya hariri, akaingia Chumba cha Malkia kulala kidogo. Baraza la Mawaziri lilibaki nje juani, likijifunika kwa hotuba zake zilizochapwa.

Alitoka mwenyewe, polepole. Alikunywa maji ya mitungi, akanywa mchuzi, akanywa maji ya vyombo vya maua na kuyatafuna maua. Alipotosheka kuona kwamba hatosheki, alimgeukia Elema.

"Yule mwanamke anasema nini?"

Elema alitazama mchanga. "Anakusalimu, Mtukufu."

"Kwa maneno gani?"

"Anauliza, 'Umekunywa?'"

Uso wa Mtukufu ulibadilika.

"Nani amemtuma kuuliza hivyo? Mimi niulizwe kama nimekunywa? Anataka kusema kuna mtu hajanywa? Huyu ni mpinzani!"

Iliundwa tume, nayo ilifanya kazi kwa haraka isiyo ya kawaida. Ilianza kwa kuchunguza kama Mama Dureti amekufa. Ikaona hajafa. Alidaiwa kufia Tabasamu, lakini Tabasamu haikuwa imezinduliwa, na mahali pasipozinduliwa kisheria hapapo. Mtu hawezi kufia mahali ambapo hapapo. Kwa hiyo mama huyo yu hai, anakaa kwenye mali ya umma bila kibali, na lazima aondolewe kama wenzake walivyoondolewa.

Likatumwa lori. Na kwa kuwa sheria inataka anayehamishwa aelezwe kwa lugha yake, Mkurugenzi Elema Mashuhuri aliteuliwa kuwa mkalimani.

*

Lilikuwa tukio zuri kwa upande wa mpangilio. Wageni walikaa chini ya turubai na vinywaji vyao. Askari walijipanga. Inspekta alisoma amri kwa kipaza sauti mbele ya mlango wa mkeka, kwamba mama aliyemo ndani ajitokeze kwa amani na apande lori, na kwamba Serikali inamtakia makazi mema.

"Sasa mwambie," Waziri Mikogo alimwamuru Elema.

Elema alisogea mbele. Suti yake ilikuwa imelowa mgongoni. Alifungua mdomo, na nadhani hapo ndipo alipogundua kwamba amekaa miaka bila kuitumia lugha ya mama yake, kwamba imekauka. Alitafuta neno.

Hapakuwa na upepo. Mkeka wa mlangoni uliinuka, kama unavyoinuliwa na mtu anayetoka kumtazama aliyefika. Mimi sikumwona mtu. Lakini sauti niliisikia, na sina tabia ya kusikia visivyoidhinishwa. Ilikuwa kavu, ya taratibu, ya mtu aliyefurahi. Ilimwuliza swali lilelile lililowatesa wageni wote, ila mwishoni iliongeza neno moja, na Kabale alinieleza baadaye kwamba neno hilo ni "mwanangu".

"Nimekunywa, mama," Elema alisema. Alisema hivyo kwa Kideka, kwa sauti ya mtoto. "Nimekunywa... nimekunywa..."

Ile nusu ya pili ya salamu ilimkwama. Nawe unywe. Alijaribu tena na tena, hakuweza kuimaliza. Kisha akakaa mchangani mbele ya Serikali yote.

"Amesemaje? Anapanda au hapandi?" Waziri aliuliza.

Kabale aliinuka kwenye kivuli chake. Hakumwinua ndugu yake. Alimwonyesha tu kwa kidole fundo lililoko juu ya mlango.

"Elema," alisema. "Lile pale."

Elema alivua koti. Akavua na tai. Mama Dureti alifunga kamba zake zidumu, na vidole vya ofisini vilishindwa, basi akalishika fundo kwa meno. Alipolilegeza, nyumba nzima ilitoa mguno mdogo, kama mtu anayeshushiwa mzigo. Kabale akavuta tao la kwanza. Baada ya hapo walifanya kazi bila kusemezana, mkeka kwa mkeka, ngozi kwa ngozi, wote wawili wanalia wazi bila kujifuta.

Inspekta alishika bastola, akamtazama Waziri. Waziri alikuwa ameshafungua mdomo kupiga kelele. Lakini wageni walianza kupiga makofi, wakasimama, wakasema hawajapata kuona onyesho la namna hiyo. Mheshimiwa Mikogo hakuwahi kupingana na makofi.

"Mabibi na mabwana!" alipaza. "Huo ndio ufundi asilia! Jengo linaondoka na haliachi hata tundu la msumari!"

Matao yalipakiwa kwenye lori la polisi. Inspekta alikuwa na amri ya kurudi na lori lenye kitu, hivyo aliridhika. Elema na dada yake walipanda, nami pia, kwa ajili ya sifa. Mzigo ulikuwa mwepesi, fito na mikeka tu, lakini njia nzima lori lilikwenda limeinama upande mmoja, na dereva hakuacha kutazama kioo. Hatukumwuliza anaona nini. Alipofika kwenye makorongo alipunguza mwendo, kama mtu aliyebeba mgonjwa.

*

Tabasamu ilikuwa kimya. Wanawake walikuwa ndani ya mashimo waliyoyachimba, wanachota tope kwa vikombe. Kabale alituongoza hadi kaburini, nao walitoka mashimoni mmoja mmoja wakatufuata. Matao yalilazwa. Alisema maneno yanayosemwa, kisha akamtazama ndugu yake.

"Bado maji. Lazima umpe mama kabla wewe hujanywa."

Elema alichukua bakuli, akalielekea bomba. Askari wa utepe alijiweka sawa. Alikuwa mtu mzima, midomo imepasuka kwa kiu kama ya wengine.

"Bwana Mkurugenzi, utepe huo..."

"Una mkasi?"

"Mkasi ni wa Mtukufu."

Kabale alimpa ndugu yake kisu chake cha ukindu. Elema aliukata utepe, akausukuma kando, akashika koki. Nilimwona akitabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayekaribia kuthibitishiwa jambo alilojiambia kwa muda mrefu. Akafungua.

Maji yalitoka papo hapo. Hayakukohoa wala hayakuleta kutu. Yalitoka safi, mengi, ya baridi, kama yaliyokuwa yamesimama nyuma ya mlango siku zote yakingoja mtu agonge.

Sijawahi kusikia mtu akilia kama Elema alivyolia, na nimehudhuria mazishi mengi ya Serikali. Wanawake hawakupiga vigelegele. Walileta vyombo vyao, wakapanga foleni, na wa kwanza kupewa alikuwa yule askari. Elema alijaza bakuli, akarudi kaburini akilibeba kwa mikono miwili, akalimwaga polepole katikati ya matao.

"Nawe unywe," alisema.

Mchanga uliyanywa yote. Tulingoja, lakini hakuna sauti iliyouliza tena.

*

Niliandika kwamba utepe umeanguka kwa upepo. Hawakuniamini, kwa sababu kiasi cha upepo nchini kiliamuliwa na Wizara. Kuvunja nyumba ya urithi kulisamehewa, kwa kuwa kulipigiwa makofi. Kukata utepe lilikuwa jambo lingine. Hata hivyo mshtakiwa hangeweza kufikishwa mahakamani bila kutaja kwamba bomba lilikuwa na maji na watu walikuwa na kiu, na yote mawili yalikuwa siri za dola. Baraza la Mawaziri likatafakari, likaamua kwa kauli moja kwamba Mkurugenzi Elema Mashuhuri ameaga dunia ghafla akiwa kazini.

Huko Kasrini, pale ilipokuwa nyumba ya Mama Dureti palibaki duara la mchanga mtupu. Wageni walilala humo adhuhuri, wakangoja, wakaondoka na ngozi zilizoungua na malalamiko.

Mimi nilitumwa Tabasamu kuhakikisha kwamba marehemu hasumbui. Nilimkuta amekaa kwa Kabale, na wanajenga. Binti wa Kabale alikuwa anaolewa na ilibidi apate nyumba. Moto ulikuwa umewashwa, mizizi ya mgunga inapashwa juu yake, na Elema, mikono imejaa malengelenge, alikuwa anajifunza kushika ncha huku dada yake akipinda.

Redio ya mmoja wa majirani ilikuwa inatangaza mazishi moja kwa moja kutoka mjini. Mizinga ilipigwa. Jeneza, ambalo nililisaidia kulijaza mawe, lilishushwa taratibu. Waziri Mikogo alisoma wasifu, akafika penye "watu wangu mimi ni Serikali", akalia kwikwi mbele ya taifa zima. Elema alikuwa ameiachia ncha yake, amesimama, anasikiliza. Hata mimi nilivua kofia.

"Wamekuzika vizuri?" Kabale aliuliza bila kuinua kichwa.

"Vizuri sana. Waziri analia."

"Basi njoo ushike huku. Tao linapoa."